Akili Unde Ofisini: Uaminifu Hutokana na Uwazi

Akili unde ni programu ya kompyuta inayojifunza kutokana na data ya awali, kisha ikapendekeza uamuzi. Ofisi huitumia kuchambua maombi mengi kwa muda mfupi. Je, mwananchi atajuaje kwamba uamuzi huo ni wa haki?

Funzo kutoka Uholanzi

Kuanzia mwaka wa 2013, mamlaka ya ushuru ya Uholanzi ilitumia mfumo wa aina hii kukagua maombi ya ruzuku ya malezi ya watoto. Mwombaji asiye raia aliongezewa alama za hatari. Ombi lenye alama za juu lilipelekwa kwa afisa, lakini afisa huyo hakuelezwa kwa nini mfumo ulilishuku. Kwa kuwa sheria nayo ilikuwa kali, maelfu ya wazazi walidaiwa kurejesha fedha, wengine makumi ya maelfu ya yuro, hata kwa kukosa saini tu. Januari 2021, serikali ilijiuzulu.

Afisa alikuwapo, ila hakuwa na la kuhoji. Binadamu asiyejua sababu za mashine hubaki kuwa mpiga muhuri.

Mambo manne ya kuzingatia

1. Data: Ichunguzwe kabla ya kutumiwa. Data yenye ubaguzi huzaa uamuzi wa kibaguzi.
2. Maelezo: Mfanyakazi aweze kueleza sababu za uamuzi kwa lugha nyepesi.
3. Uwajibikaji: Afisa anayejulikana awajibikie uamuzi. "Kompyuta imekataa" si jibu.
4. Usikivu: Mfanyakazi anayegundua kosa aliripoti bila hofu, nalo lirekebishwe.

Haki yako

Sehemu ya 35 ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakukinga dhidi ya uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee, isipokuwa katika hali chache, kama vile ulipokubali mwenyewe. Uamuzi kama huo ukifanywa, ni lazima ujulishwe kwa maandishi, na unaweza kuomba uangaliwe upya. Kifungu cha 47 cha Katiba nacho kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi iwapo hatua ya kiutawala imeathiri haki yako.

Ukitilia shaka uamuzi, iandikie ofisi husika na uhifadhi nakala ya barua. Usiporidhika, wasilisha malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.