SOMO LA MWEZI: KUMCHAGUA MPANGAJI KWA HAKI

Wengi wetu ni wapangaji. Lakini wapo wenzetu waliojaliwa kupata parsela Carama, kaskazini ya Bujumbura, wakajenga nyumba na nyuma yake aneksi ya kupangisha. Kodi hiyo ndiyo inayolipa mkopo na shule ya watoto. Tuseme chumba ni faranga 80,000 kwa mwezi. Mpangaji asipolipa miezi miwili, faranga 160,000 zimekwenda. Hofu ya mwenye nyumba ina msingi, lakini isimfanye amdhulumu mfanyakazi mwenzake.

1. Weka masharti kabla ya kumwona mtu. Andika kodi, dhamana, siku ya kulipa, idadi ya watu watakaokaa, na jinsi ya kugawana maji na umeme. Dalali naye ayajue. Masharti yanayobadilika kwa kutazama uso wa mtu si masharti.

2. Waulize wote maswali yale yale. Unafanya kazi gani na unalipwa lini? Mtakaa wangapi? Ulikuwa unapanga wapi? Kisha mwulize mwenye nyumba wa zamani: alilipa kwa wakati, na aliachaje chumba? Angalia: anayemtaka mpangaji aondoke huweza kumsifu ili ampunguze. Basi mwulize na yule wa kabla yake.

3. Karatasi ya mshahara si ushahidi pekee. Kibarua wa mashamba ya mpunga ya Imbo hana karatasi hiyo, lakini huenda analipa vizuri kuliko karani. Mtu anayepokea kila wiki mpangie kila wiki: faranga 20,000 mara nne ni zile zile 80,000.

4. Usiulize yasiyohusu nyumba. Kabila, mkoa, dini, chama, ujane au ugonjwa havilipi kodi wala havivunji mlango. Sisi wa Bujumbura tunajua jambo hili lilitufikisha wapi. Baada ya 1993, katika vita, mitaa kama Kamenge, Kinama, Ngagara na Cibitoke iligawanywa kwa kabila na watu wakafukuzwa katika nyumba zao. Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na Katiba ya 2005, kisha ya 2018, zikakataza ubaguzi wa namna hiyo. Lakini Katiba haisimami mlangoni kwako. Unayesimama pale ni wewe. Mkimbizi wa Kongo mwenye kadi yake halali naye aulizwe maswali yale yale, si zaidi.

5. Amua, na useme sababu. Wa kwanza kutimiza masharti ndiye apewe. Usipokee dhamana ya watu wawili kwa chumba kimoja. Unayemkataa mwambie wazi: "Tumekubaliana watu wanne, ninyi ni saba." Atajua atafute wapi, wala hataondoka akidhani amechukiwa.

6. Andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nakili namba ya karangamuntu, kisha umrudishie mwenyewe kadi yake. Mkataba uwe nakala mbili, zenye sahihi za wote wawili na shahidi. Andika hali ya milango, madirisha na kufuli. Kila malipo yatolewe risiti. Mwingize mpangaji katika daftari la watu wa nyumba linalotakiwa na mtaa.

Ndugu, chamani tunadai mwajiri atuajiri kwa kazi tunayoiweza, si kwa ukoo wetu. Tukidai hivyo kiwandani asubuhi, tusifanye kinyume chake nyumbani jioni.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
(a) Ni masharti gani matatu ungeyaandika kwa chumba chako?
(b) Mjane anayeuza mboga sokoni anaweza kuonyeshaje kwamba atalipa?
(c) Uliwahi kunyimwa chumba bila sababu? Ungependa uambiwe nini?