Kupekecha Moto: Kuchagua Mti

Nungwi, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, ni mahali pa mafundi wa majahazi. Fundi atoboapo ubao kwa keke, huvuta uta huku na huku, na chuma huzunguka upesi. Akikichomoa, chuma hicho huwa na joto. Hakikuwekwa juani wala jikoni. Joto hilo limetokana na msuguano.

Kabla ya viberiti kuenea, watu waliwasha moto kwa njia hiyo hiyo. Kijiti chembamba, yaani ulindi, kilisimamishwa juu ya kipande cha mti kilicholazwa chini, kikapekechwa baina ya viganja. Kwa Wamaasai kijiti hicho ni olpiron, na jina hilo hilo hupewa wazee wanaolea rika jipya la vijana.

Si kila mti hutoa moto. Mtu huweza kupekecha hata viganja vikachubuka, asipate ila moshi. Mara nyingi kosa haliko mikononi, liko katika mti.

Mti uwe mkavu kabisa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi, na maadamu yamo ndani ya mti, joto hutumika kuyageuza mvuke. Unga wa mti huhitaji joto kubwa zaidi, kama nyuzi 400 hivi, ndipo ushike moto. Kwa hiyo usiokote tawi lililotupwa ufukoni na mawimbi, hata likionekana kavu: chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewani. Tafuta tawi lililokauka likiwa bado mtini.

Kipande cha chini kiwe chepesi na laini. Mti wa namna hiyo una nafasi nyingi za hewa. Joto halipotei upesi, nao husagika kuwa unga. Mkoko ni mgumu mno. Mtakawa, umeao kando ya bahari, unafaa; watu wa Hawaii, ambao zamani walisugua badala ya kupekecha, huuita hau na waliutumia kwa kazi hii.

Jaribio
Fanyeni nje pamoja na mwalimu, mbali na makuti, mkiwa na ndoo ya mchanga. Chukua kipande kikavu cha mkoko na kingine cha mtakawa. Bonyeza kila kimoja kwa ukucha. Toboa kishimo, kata pengo ubavuni mwake ili unga ukusanyike, kisha pekecha. Unga wa rangi ya kahawia waonyesha kuwa joto halijatosha. Mweusi waonyesha kuwa mti umeanza kuungua. Ukiendelea kufuka baada ya kuacha kupekecha, utie katika usumba mkavu wa nazi, upulize polepole.

Maswali
1. Kwa nini unga uliotawanyika haushiki moto?
2. Ni kipande kipi kilichoacha alama ya ukucha?