Padre aitwe lini?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii chanjo wala malaria. Twamzungumzia mgonjwa ambaye hospitali imekwisha kumfanyia yote iliyoweza. Yeye naye anahitaji uuguzi, wa mwili na wa roho.

Mzee mmoja alilazwa wodini kwetu na saratani ya koo la chakula. Wanawe walinivuta pembeni wakasema, "Sista, tafadhali, Padre asifike kitandani kwa baba. Akiona mafuta atajua anakufa, atakata tamaa." Nikakubali, nikanyamaza siku mbili. Usiku wa tatu, nilipokuwa nikimgeuza, mzee akaniuliza taratibu, "Mama, mbona Padre anawapitia wenzangu, mimi ananiruka?" Alijua hali yake kuliko sisi. Akanieleza kwamba hasemezani na mdogo wake kwa sababu ya mpaka wa shamba, na hataki kuondoka na jambo hilo moyoni.

Asubuhi tulimtafuta Paroko, kumbe yuko vigangoni. Aliporudi jioni, mzee hakuweza tena kusema. Alipakwa mafuta, na mdogo wake akawahi kumshika mkono. Mzee akaubana. Lakini maungamo aliyotaka kuyasema kwa kinywa chake hayakuwezekana. Zile siku mbili nilizipoteza mimi, na sijazisahau.

MPAKO NI WA WAGONJWA

Wengi bado huuita "mpako wa mwisho". Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema jina lifaalo zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, kwani si sakramenti ya wale tu walio katika saa ya kufa. Wakati wake umefika mara Mkristo anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Anayekwenda kufanyiwa operesheni kwa sababu ya ugonjwa mzito anaweza kupakwa. Mzee aliyedhoofika sana pia. Tena mtu akipona kisha akaugua sana, au ugonjwa uleule ukizidi, anaweza kupakwa mara nyingine.

Mpako hutolewa na Padre au Askofu peke yake, Katekista hawezi. Kwa hiyo msingoje usiku wa mwisho. Sakramenti hasa ya anayeaga dunia ni Komunyo Takatifu, chakula chake cha safari.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Mpelekeeni Paroko habari mapema, kwa njia ya Katekista au kiongozi wa Jumuiya. Mgonjwa akitaka kuungama, mwacheni peke yake na Padre.

2. Msimdanganye mgonjwa, wala msimtishe. Muulizeni, "Wewe unauonaje ugonjwa wako?" Kisha nyamazeni mmsikilize. Mara nyingi atawaonyesha mwenyewe kiasi anachotaka kujua.

3. Mpeni dawa ya maumivu kwa saa zake kama mlivyoelekezwa. Wako wanaodhani kukataa dawa ni kubeba msalaba. Kanisa linaruhusu kutuliza maumivu. Anayelia kwa maumivu makali husali kwa shida. Dawa ikimletea usingizi, mwambieni Padre saa ambazo mgonjwa huwa macho.

4. Andaeni meza ndogo, kitambaa safi, msalaba, mshumaa na maji safi ya kunywa. Msafisheni kinywa. Mgonjwa hafungwi na ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo. Akimeza kwa shida, kipande kidogo cha Hostia chatosha. Asipoweza kabisa kumeza kigumu, mwelezeni Padre mapema, kwani anaweza kumkomunisha kwa umbo la divai.

5. Muulizeni kama kuna mtu anayetaka kumwona, deni la kulipa, au neno la kuwaachia watoto. Aitwe huyo mtu angali na nguvu za kuongea.

6. Dalili za mwisho ni hizi: hulala muda mrefu, hukataa chakula, mikono na miguu hupoa, pumzi hukatikakatika. Msimlazimishe kula wala kunywa, asije akapaliwa. Mlalisheni ubavu, mlowanishe midomo yake kwa kitambaa safi chenye maji. Asiyejibu huenda bado anasikia. Basi msibishane juu ya urithi kitandani pake. Salini polepole Baba Yetu na Salamu Maria katika lugha aliyofundishwa na mama yake, na mmwambie kwamba mnampenda.

Mkimkuta amezimia, Padre aitwe vilevile. Aliyekwisha kufa hapakwi, bali huombewa. Lakini kukiwa na shaka kama amekufa, Padre anaweza kumpaka.

MASWALI YA JUMUIYA

- Katika mtaa wetu, nani ni mgonjwa sana au mzee asiyeweza kufika kanisani? Je, Paroko anajua?
- Nyumbani kwangu, ningependa kuandaliwa namna gani? Je, nimewaambia watu wangu?

Hilo swali la pili ni gumu. Lizungumzeni jioni moja baada ya Rozari, wote mkiwa wazima. Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kifo chema, atuombee.