Nyumba ya Maruhubi

Kila mtoto wa Nanyala, katika nchi ya Mbozi, ameona jinsi nyumba iliyohamwa inavyopotea. Paa huanguka kwanza. Kisha mvua huyeyusha matofali ya udongo, na baada ya miaka michache majani hufunika kiwanja chote. Je, nyumba ya mawe nayo hushindwa na majani? Jibu lake huonekana Unguja, mahali paitwapo Maruhubi, kaskazini ya mji.

Hapo Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alijijengea nyumba kubwa, ikamalizika mwaka 1882. Orofa ya juu ilikuwa ya mbao, nayo ilichukuliwa na nguzo nene za mawe na chokaa. Palikuwa na hamamu, birika za maji na bustani ya miembe. Mwaka 1899 nyumba ilishika moto, mbao zikateketea. Marumaru za hamamu ziliibwa. Zikabaki nguzo na kuta.

Ndipo miti ilipoanza kazi yake. Ndege hula tini za mwitu, akaangusha mbegu juu ya ukuta. Mbegu huota katika ufa mdogo. Mzizi hutafuta maji kati ya mawe, hunenepa, na kuupanua ufa. Mvua huingia humo na kulainisha chokaa, hata jiwe hung'oka. Kazi hii haina kelele, wala haipumziki. Katika birika la kale mayungiyungi yameota.

Lakini Seyyid Barghash alifanya jambo jingine. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua maelfu ya watu Unguja, na wengi mjini walikunywa maji machafu ya visima. Basi yeye alileta maji safi ya chemchemi kutoka shamba hata mjini, watu wakateka bila kulipa.

Wala haifai kusahau mali hiyo ilitoka wapi. Sehemu yake ilitoka katika mashamba ya karafuu, na waliolima humo wengi walikuwa watumwa, ambao hawakulipwa kitu.

Nyumba aliyojijengea imeliwa na moto na mizizi. Maji aliyowapa watu ndiyo yaliyomwachia sifa.

Maswali
1. Mzizi huvunjaje ukuta wa mawe?
2. Kwa nini mji ulihitaji maji safi?
3. Ni nani waliostahili shukrani pamoja na Seyyid Barghash?