Somo la Mwezi: Basi la Umeme na Nauli Yako

Mkazi wa Eastlands anapopitwa na basi la umeme Barabara ya Jogoo, swali huwa moja: ikiwa gari hili halinunui dizeli, mbona nauli haijashuka? Somo letu la mwezi huu linapiga hesabu hiyo.

Mabasi haya yalitoka wapi?

Kampuni ya BasiGo ilianza majaribio jijini Nairobi mwaka 2022 kwa mabasi ya abiria 25 yaliyoundwa na BYD ya Uchina. Citi Hoppa na East Shuttle zilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyaendesha. Basi hilo linaweza kwenda takriban kilomita 250 betri ikijaa.

Viwanda vingine duniani vinashindania soko hili. Karsan ya Uturuki, yenye kiwanda mjini Bursa, huunda e-JEST, basi dogo la urefu wa takriban mita 6 linalotumia betri za BMW. Ni gari la vichochoro vya miji ya kale ya Ulaya. Kwetu, ukubwa huo unakaribia matatu ya abiria 14. Kwa hivyo umeme si wa mabasi makubwa pekee.

Hesabu ya siku moja

Tuchukulie basi linasafiri kilomita 200 kwa siku.

Dizeli: likienda kilomita 5 kwa lita, nayo lita iwe shilingi 170, kila kilomita ni shilingi 34. Kwa siku ni shilingi 6,800.

Umeme: tuseme linatumia uniti moja kwa kilomita. Mwaka 2023, EPRA iliweka bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 usiku wakati matumizi ya umeme ni madogo. Kabla ya kodi na tozo, siku nzima ni shilingi 3,200, au 1,600 likichajiwa usiku.

Tofauti ni kubwa. Inaenda wapi?

Betri ndiyo jibu

Betri ndiyo sehemu ghali zaidi ya basi la umeme. Anayenunua dizeli hulipa mafuta kidogo kidogo kila siku. Anayenunua basi la umeme pamoja na betri yake ni kama amelipia mafuta ya miaka kadhaa kwa mkupuo, na benki inataka mkopo wake.

Ndiyo maana BasiGo ilianza kwa kuuza basi bila betri, kisha mwenye basi alipe shilingi 20 kwa kila kilomita. Malipo hayo yalijumuisha betri, kuchaji na matengenezo. Shilingi 20 ni zaidi ya bei ya umeme peke yake, kwa kuwa betri imo ndani. Hata hivyo iko chini ya shilingi 34 za dizeli katika mfano wetu, ambazo bado hazijahesabu oili wala fundi.

Faida kwa mwananchi

Nauli hupangwa na wenye magari. Kwa hivyo usitarajie ishuke mara moja. Lakini bei ya mafuta hutangazwa upya kila mwezi, na dizeli ikipanda, nauli ya basi la umeme haina sababu ya kupanda nayo siku hiyo hiyo. Hapo abiria ana haki ya kuuliza.

Faida ya pili ni hewa. Basi hili halitoi moshi kwenye steji wanakoshinda wachuuzi na watoto wa shule, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo.

Tahadhari

Basi la umeme halingurumi. Wafundishe watoto kutazama pande zote kabla ya kuvuka, wasitegemee masikio tu.

Maswali kwa mwanachama wa sacco

1. Betri ni ya nani, na ikichoka nani analipa?
2. Malipo kwa kilomita yanaweza kupandishwa lini?
3. Basi litachajiwa wapi usiku, na ni kilomita ngapi kutoka mwisho wa ruti?

Usitie sahihi kabla ya kupata majibu yote matatu kwa maandishi.