Somo kwa Wanachama: Funza Wanaokula Maji ya Takataka



Kila abebaye magunia ya takataka Gitega anayajua yale maji meusi yanayovuja mgongoni. Mpaka gari lifike Nduba, ambako taka za Kigali hutupwa tangu mwaka 2012, nguo zimeshalowa. Rundo la mbolea ya taka nalo hutoa maji hayo hayo.

Maji haya ni nini? Ni utomvu wa maganda na makombo yaliyooza. Yana sukari, asidi na pombe. Yakiingia mtoni, vijidudu huvila vitu hivyo na kumaliza hewa ya majini, na samaki hufa.

Mwaka 2012 wataalamu wawili, Radu Popa na Terrence Green, walieleza kwamba funza wa nzi askari mweusi hukua kwa kula maji hayo. Ukali wa asidi ulitulia, pombe ikaondoka, na mzigo wa uchafu ukapungua. Nzi huyu haumi, wala hasumbui chakula mezani.

Kazi hufanywa hivi. Usiwatie funza katika pipa la maji matupu. Changanya maji na pumba mpaka ukifinya yatoke matone machache tu. Weka katika beseni, kivulini, chini ya paa. Penye joto la kutosha, baada ya wiki mbili hivi funza huwa wamenenepa. Ni chakula cha kuku na samaki. Kigali usiku ni baridi, basi huchelewa. Taka zenye betri zisitumike: sumu ya madini hubaki mwilini mwa funza na kumfuata kuku.

Sasa jambo letu. Funza hana haja ya glavu; sisi tunayo. Nilipokuwa mbebaji, mwajiri wangu alikata bei ya glavu katika mshahara. Leo maji yaliyotuchoma mikono yanaweza kuzaa mali. Kabla hatujakubali kuyakusanya, tudai glavu na buti bila makato, maji safi na sabuni, na fungu letu katika mauzo, vyote viandikwe katika mkataba.

Maswali ya mkutano:
1. Nani kati yetu amepewa glavu mwaka huu?
2. Funza wakiuzwa, fungu letu liwe kiasi gani?

Njooni na majibu. Umoja ni nguvu.