Mpunga hausomi ajenda



Somo la leo si la mbolea wala la mbegu. Ni somo la siku: namna ya kuzipanga wakati kazi ni nyingi, safari haziishi, na kila mtu anasema "nitafanya kesho". Tunaanza na kosa letu wenyewe, sisi maagronomu.

Yaliyotupata

Msimu A mmoja, kooperativi moja ilimwaga mbegu ya mpunga kitaluni kwa wakati mzuri. Siku ya 21 miche ilikuwa tayari kupandikizwa. Siye tulikuwa tumeahidi kuja kuonyesha kupanda kwa mistari. Lakini wiki ile kulikuwa mafunzo Uvira, kisha ripoti, kisha moto yetu ikaharibika njiani. Tukapiga simu: "Tutakuja Alhamisi, musianze bila siye." Alhamisi ikapita. Tukasema Jumatatu. Tulifika siku ya 38.

Miche ilikuwa mirefu, imeanza kufanya vifundo, mizizi imeshikana. Tuliipanda hivyo hivyo. Ilitoa machipukizi machache, mavuno yakawa madogo, na wengine walirudisha deni la mbegu kwa shida. Mama mmoja alituambia kwa upole kwamba mpunga hausomi ajenda ya agronomu.

Kilichotuumiza zaidi ni hiki: wanachama wengi walikuwa wanajua tayari kupanda kwa mistari. Kamba ilikuwepo, maji yalikuwepo, mikono ilikuwepo. Walingoja juu ya neno letu tu. Tangu siku hiyo hatusemi tena "musianze bila siye". Tunasema: "Siku ikifika, anzeni. Siye tutawakuta shambani."

1. Tenganisha kazi zinazongoja na zisizongoja

Kazi zote haziko sawa. Muhogo ni mvumilivu: ukikomaa unaweza kukaa udongoni wiki kadhaa tena, ingawa ukiachwa sana unakuwa na nyuzi ngumu. Kutengeneza mlango wa depo au kunakili daftari la michango, hizo nazo zinangoja. Lakini hizi hazingoji:

- Kupandikiza mpunga: siku 21 hadi 25 tangu kumwaga mbegu.
- Kupalilia mahindi mara ya kwanza: wiki 2 hadi 3 baada ya kuota. Mhindi mdogo hauwezi kushindana na majani mabaya.
- Kutafuta viwavijeshi katika mahindi: kila wiki, tangu mimea ikiwa midogo.
- Kuvuna karanga: zikikomaa na kuachwa, mvua inazikuta na zinaota humo humo udongoni.

Wiki ikiwa fupi, fanya kwanza zisizongoja. Zingine zitakukuta.

2. Hesabu siku, usingoje nafasi

"Nikipata nafasi" haina tarehe. Siku ile unamwaga mbegu, chukua chaki au kaa la moto lililozimika, andika kwenye mlango tarehe mbili: ya leo na ya kupandikiza. Ukimwaga tarehe 20 Septemba, siku ya 21 ni tarehe 11 Oktoba. Watu wote wa nyumba waione. Kooperativi nayo iandike tarehe za mashamba yote kwenye ukuta wa ofisi, si katika daftari la rais peke yake.

3. Kabla ya kusafiri, acha kazi mikononi mwa mtu

Barabara yetu tunaijua. Mvua ikinyesha milimani, mito inajaa na njia inakatika. Uvira haijasahau Aprili 2020, wakati Mulongwe ilipofurika. Safari ya siku moja inaweza kuwa ya siku tatu. Kwa hiyo "nikirudi nitafanya" si mpango. Mpango una vitu vitatu: jina la mtu atakayefanya, siku ya kufanya, na fasi ufunguo wa depo unapokaa.

Na yule anayekusaidia, nawe utamsaidia siku yake ya safari. Tunacheza likelemba ya pesa. Tucheze na likelemba ya siku.

4. Anza na kidogo

Mara nyingi anayeahirisha si mvivu. Kazi inaonekana kubwa, inamchosha kichwani mbele ya kushika jembe. Dawa ni kuikata vipande. Palilia mistari mitatu asubuhi kabla ya kwenda soko. Kwa viwavijeshi, nusu saa inatosha: simama fasi tano za shamba, angalia mimea kumi kila fasi. Ukiona mayai, yaponde kwa vidole. Kiwavi kidogo kiko juu ya jani, kinauawa kirahisi. Kikikua kinajificha ndani ya moyo wa mhindi, na dawa haikifikii vizuri. "Kesho" ya wiki mbili inakula shamba.

5. Tusimtwike mama peke yake

Kuna mama anayeamka mbele ya jua: maji, watoto, shamba, soko, kisha chakula cha jioni. Yeye haahirishi, masaa yamemwishia. Kumpa ratiba nzuri hakumwongezei saa hata moja. Anachohitaji ni mikono ya baba na ya vijana, hasa wiki za kupandikiza na kupalilia. Jambo hilo lisemwe mkutanoni, mbele ya wote.

Kazi ya mkutano ujao

Jadilini kwa vikundi:
- Msimu uliopita, ni kazi gani tulichelewesha, na tulipoteza nini?
- Nani anasafiri mwezi huu, na nani anabaki na kazi yake?
- Ni kazi gani tunamngojea agronomu, na hali tunaijua wenyewe?

Swali la mwisho musituonee haya. Majibu yake ndiyo tunayataka kwanza.